Kitasa cha Mlango wa Kushoto

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto.

~~Mnunuzi wa kigari akija, mpeni funguo.~~ Akija, mwambieni mama kaghairi.

Asubuhi nimechukua posta kifurushi alichoagiza marehemu baba yenu ng'ambo. Nilidhani ni kabureta, maana kigari hakijawaka tangu mwaka jana. Kumbe ni kitasa cha mlango wa kushoto, upande wangu, ule niliokuwa nikiufunga kwa kamba huku namnung'unikia. "Nimesikia, mama watoto," alikuwa akijibu, basi. Injini imezima, naye mbishi yule anahangaikia mlango wangu!

Nimemfuata fundi aje akifunge hicho kitasa. Najua kigari hakitawaka. Nataka tu nikae pale kwangu, nivute mlango, na mara hii ufungike.

Mama yenu