Mpira wa Kutandika Pikapu

Lukozi

Kaka Tobia,

Shikamoo. Huku hatujambo. Karoti zimekubali mwaka huu, na Mama ameanza tena kwenda kanisani kwa miguu yake.

Umeuliza ununue kipi cha kutandika nyuma ya pikapu, plastiki ngumu au mpira. Shemeji yako Heri anataka plastiki, eti inaoshwa upesi. Mimi nasema mpira. Plastiki inateleza, na kona za kushuka Lushoto unazijua mwenyewe. Matenga ya nyanya yatahamia upande mmoja yote.

Lakini sababu yangu si hiyo. Kwenye msiba uliniuliza Baba alifikaje hospitali, nikakujibu alifika vizuri. Nilikudanganya, kaka. Hakuweza kuketi mbele, tukamlaza nyuma. Nyanya zetu hazijawahi kupakiwa bila kutandikiwa majani ya mgomba, ila Baba, kwa ile haraka, tulimlaza kwenye chuma kitupu, na migomba iko pale pale mlangoni. Nilimpakata kichwa tu. Mgongo wake ulipokea kila jiwe la barabarani.

Hakulalamika. Tulipokaribia mjini ndipo aliponiambia, "Beatha, mwambie Heri apunguze mwendo, nyanya zitapondeka."

Siku hiyo hatukubeba nyanya, kaka.

Tuletee mpira, ule mnene kuliko yote. Heri nitamweleza mwenyewe.

Mdogo wako,
Beatha