Mikono ya Mafuta

Mume wangu,

Sisi wazima, na mama kikohozi kimemwacha. Kuku wa jirani anatagia kwenye kofia yako ya kuchomelea. Tangu ufuate kazi ng'ambo, barua zako zimekuwa adimu kama maziwa ya kuku huyohuyo.

Jana mwenye duka la gesi alikuja kuuchukua ule mtungi wa oksijeni uliokodi kwake. "Shemeji, mtungi ni wa kazi, si wa kungojea mtu," akasema. Nilinawa kwa sabuni, nikakaza koki, nikauvisha kifuniko, nikafungua mnyororo wa ukutani. Akaufunga wima garini, kama unavyotaka wewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifokea nikitoka kujipaka mafuta? "Oksijeni ikikutana na mafuta inawaka bila kiberiti! Toka, mwanamke, utatulipua!" Nami nikinuna hadi jioni.

Leo nimejipaka mafuta hadi viwikoni, nikaingia karakanani, nikashika kila kitu nilichokatazwa. Nikasimama pale mtungi ulipokuwa, nikangoja.

Hakuna aliyenifukuza.

Rudi unifokee.

Mkeo