Klavie Imevaa Kitenge

Jumatatu, 3 Aprili 1989
Nimefagia chumba cha madrasa, nimewafundisha wanawake wangu wanne kupiga herufi. Aziza bado anatumia kidole kimoja. Jioni niliingiza zile disketi alizoleta shemeji kutoka Bujumbura, sistemu mpya inayotakiwa sasa na maofisi. Karatasi yake inasema ordinatere yetu, hii kompyuta, ni ya zamani mno, haiwezi. Karatasi hainijui mimi. Zimeingia zote. Bon, nikazima. Kwa furaha nikaishonea klavie, ule ubao wa herufi, shati la kitenge. Juu na chini, limebana vizuri. Vumbi la Kisangani halina adabu.

Jumanne, 4 Aprili
Nimewasha. Kioo kinauliza swali, kinangoja. Nabonyeza herufi: hakuna. Ile panya ya mkononi nayo, hakuna. Nimezima, nimewasha, bismillahi tena. Hakuna. Hata kurudisha sistemu ya zamani siwezi, maana nayo inataka herufi. Nimekasirika.

Alhamisi, 6 Aprili
Shehe Amuri, mkubwa wa madrasa, alimwita citoyen Bolamba anayetengeneza teleksi. Hata kiti hakukikalia.
"Mama Zaina, mashine iko muzee, sistemu iko kijana. Hawawezi kuoana. Imekufa, donc muitume Kinshasa."
Shehe amekubali. Itapanda bato, ile meli ya mtoni, Jumatatu. Kitu kikishateremka na mto mpaka Kinshasa hakirudi, hapa kila mtu anajua. Na Aziza ana mtihani wa kazi mwezi ujao. Atajifunzia wapi, kwenye meza tupu?
Sikubali. Naandika kwa nguvu: sikubali.

Jumamosi, 8 Aprili
Tumefunga Ramadhani. Baada ya salongo, kazi ya usafi ya kila Jumamosi, fagio bado mikononi, Shehe akaomba ufunguo wa chumba. Nilikataa mbele ya watu.
"Mama Zaina, uko na kichwa nguvu!"
"Kichwa nguvu ndiyo inabeba majani ya pondu toka Lubunga, ng'ambo ya mto, Shehe."
Wamama wakacheka. Yeye hapana. Mungu anisamehe mdomo wangu, na saumu juu yake. Ufunguo siutoi.

Jumapili, 9 Aprili
Wanasema imekufa. Haya. Mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake mtaa huu, na kwetu maiti haisafiri bila kuoshwa. Nikachukua mkasi, nikaivua klavie shati. Nikaipangusa kama nijuavyo, upande wa kuume kwanza. Nilipoilaza ubavu, nikaona chini yake kijiswichi cha kuchagulia aina ya mashine, kidogo kama punje ya mchele. Mshono wangu ulikuwa umekisukuma upande. Nikakirudisha kwa ukucha. Nikawasha.
Nikabonyeza A. A ikatokea.
Nilisujudu palepale, katikati ya vipande vya kitenge.

Jumatatu, 10 Aprili
Nimemwambia Shehe ukweli: ni shati langu. Alinitazama, halafu akacheka mpaka kofia ikaanguka. Ufunguo ameniachia. Citoyen Bolamba anashikilia kwamba sistemu haifai mashine hii. Na kweli panya imekataa kabisa. Ikatae. Tunapita kila mahali kwa herufi tu. Panya nimeifunika kwa kipande cha kitenge, ilale.
Mchana honi ya bato ililia mtoni. Aziza hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika, vidole vitatu sasa.