Zuhura, Jiko Lako Liko Uani Kwangu

Zuhura rafiki yangu,

Kwanza walisema ni wewe. Sasa wanasema ni mimi. Ijumaa wameniita niape mbele yao, na kabla sijafika huko nimeona nikuandikie, maana Burumba yote sina mwingine ambaye nikimweleza jambo hili hatanitazama mikono kwanza.

Nianze na habari za mtoto wako, najua ndizo unazozitaka. Rehema ni mjamzito. Ungefurahi, na ungemkaripia pia kwa jinsi anavyojitwika mitungi ya maji. Ulipotutoka kiangazi kile, alikaa matanga mpaka yakaisha, kisha akalitoa jiko lako na kuanza kuchoma mishikaki mahali pako palepale, kando ya njia ya kwenda mpakani. Mimi nikabaki na kazi yangu ileile ya kukata vitunguu na kupepea moto. "Unapepea kama mtu anafukuza nzi," ulikuwa unaniambia. Bado napepea hivyo hivyo, ila hakuna wa kunicheka.

Unakumbuka ulivyolitunza lile jiko la nusu pipa? Watu walikuona mwenye maringo. Asubuhi mchanga mkavu chini, makaa juu yake, na mashimo ya pembeni unayazibua kwa msumari. Jioni unakwangua wavu mpaka chuma kinang'aa, kwa sababu mafuta yaliyoganda jana, ulisema, ndiyo yanayomrukia mtu usoni leo. Moto ukipanda, unainua nyama, humwagi maji. Na siku yule mteja alipotaka kutuharakisha kwa kumimina mafuta ya taa juu ya makaa yanayowaka! Ulimpokonya kopo ukamfukuza hadi barabarani, kanga yako ikabaki mkononi mwangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Na jioni, mvua inyeshe isinyeshe, jiko lililala nje. Unalifunika mchanga, unalifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, unaondoka. Nikakuuliza siku moja kwa nini usilete joto hilo ndani tukaota sote. Hukucheka. Ukanieleza ulivyokuwa msichana unauza mandazi kule Malaba, malori yamepanga foleni kwenye baridi ya mvua, ukagonga mlango wa lori moja asubuhi. Dereva na taniboi wake, kijana wake wa mizigo, walikuwa wamekaa na jiko katikati ya miguu yao, vioo vimefungwa, nyuso nyekundu kama za watu waliotoka kuota jua. Ulidhani wamelala. "Makaa yakivaa majivu mtu anaona yamekufa," ukaniambia, "kumbe ndio yanakula hewa ya watu." Sikukuuliza tena.

Basi mvua za Aprili zikaja na maradhi ya Rehema yakaja nazo. Asubuhi anafika kazini ameshika kichwa, miguu haina nguvu, anatapika kando ya mtaro. Tukasema ni mimba, tukamtania. Lakini mimba gani inayoisha saa sita mchana na kurudi asubuhi? Akikaa nje na mimi, kufikia adhuhuri anakuwa mzima, anapiga kelele na wateja. Kesho yake tena amerudi amelegea. Akapewa vidonge vya malaria, akavimaliza, hali ikawa ile ile.

Alikwenda Chakol kwa shangazi yake, kwenye msiba, akakaa huko siku kadhaa. Alirudi amenawiri. Usiku aliorudi akalala kwake, na asubuhi hakuweza kusimama. Siku hiyo hiyo wakamkuta yule kuku wako mwekundu, aliyekuwa anaatamia chini ya kitanda, amekufa juu ya mayai yake, mabawa ameyatandaza. Hana jeraha wala dalili ya kideri.

Hapo Bi Mwanaisha, mama yake Hamisi mume wa Rehema, akasema neno ambalo watu walikuwa wakilinong'ona. "Huyu mtoto mama yake ndio anamwita. Ameanza na kuku, sasa anataka mwenyewe." Akaeleza kwamba Chakol hukuweza kumfuata, kwa sababu wewe umekaa ndani ya nyumba yako, ile anayolala yeye sasa. Zuhura, nikuambie ukweli, niliogopa. Nilishika rozari yangu na badala ya kumwomba Mungu nikawa nakuomba wewe. Mwache mtoto, nilikuambia. Ulimpenda sana, lakini mwache. Nisamehe kwa kukufikiria hivyo.

Wakamleta mganga kutoka ng'ambo ya mpaka. Alisema Rehema atafukizwa alasiri ya Alhamisi, ndani ya chumba chake, na mimi nikaitwa niwepo kwa kuwa nilikuwa rafiki yako na huenda ungenisikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia chumba kile tangu tulipokutoa. Dirisha walikuwa wamelisokomeza magunia. Kule ng'ambo siku hizi bunduki zinalia, na Hamisi hataki mwanga wake uonekane. Nikatafuta pa kukaa, nikaegemea kitu kwenye kona kilichofunikwa bati. Kilikuwa cha moto. Nikainua bati. Jiko lako, Zuhura. Lilikuwa hatua moja tu kutoka kitandani, makaa yamefukiwa majivu ili yakeshe mpaka asubuhi, na siku ile ya mganga hakuna aliyelitoa nje.

Mimi siku zote nilidhani bado linalala kwenye mnyororo! Nilikuwa nalikuta asubuhi mahali pake, nikaona mambo yako yako vile vile. Kumbe tangu mvua zianze, Hamisi alikuwa analiingiza ndani. Si mtu mbaya, usimchukie. Ng'ambo hakuna sukari, hakuna sabuni, hata kipande cha chuma kina mtu anayekivizia. Yule jirani yetu muuza samaki aliibiwa jiko lake na samaki wakiwa juu. Hamisi akaona mnyororo hautoshi. Na yeye mwenyewe usiku mwingi hayupo, yuko na baiskeli yake na mizigo ya magendo unayoijua, askari wakiwa wamelala. Anayebaki na lile jiko, mlango umefungwa, ni Rehema.

Nilikuwa bado nimeshika lile bati mganga alipofunga mlango. Wakamkalisha Rehema kwenye kigoda, wakamwekea chetezo miguuni, makaa mapya yamejazwa na ubani juu yake, wakamfunika blanketi zito mpaka sakafuni. Mganga akawa anakuita kwa jina na kukuuliza unataka nini. Rehema alijibu mara moja, mara ya pili, kisha akanyamaza. Bi Mwanaisha akasema, "Sasa ametulia, anatoka." Mimi nilimwona dereva wa Malaba ambaye sikuwahi kumwona.

Nililirusha lile blanketi, nikaupiga mlango teke, nikambeba mtoto wako kwa makwapa na kumburuta hadi nje kwenye mvua. Alikuwa mwekundu, mzito, shingo imelala. Nilimpiga mashavu huku nalia. Alipovuta pumzi na kutapika kwenye kanga yangu nilimshukuru Mungu wangu na wako. Nyuma yangu mganga alikuwa anakusanya vitu vyake taratibu. Alisema alichokuwa nacho Rehema hakikutoka vizuri, kwamba nimekikatiza njiani, na sasa kimeingia kwangu.

Nilimweleza Hamisi habari ya makaa. Nilimweleza Bi Mwanaisha. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. "Mama Wandera, unaona sisi ni wajinga?" Hamisi akaniuliza. "Kila nyumba hapa inapika na makaa. Nani amekufa? Na hilo jiko lilikuwa limezimika, hata moshi halina." Nikamwambia alilaze nje. Akasema likiibiwa tutakula nini. Nikamwambia basi alimwagie mchanga mpaka lipoe kabisa ndipo aliingize. Akasema na moto wa kesho atautoa wapi, mkaa wenyewe umeloa. Jioni ile ile lilikuwa palepale kwenye kona yake, limefukiwa majivu tena.

Kesho yake, Hamisi alipotoka na baiskeli, nilichukua mkokoteni wa jirani nikaenda kulitoa. Rehema alikuwa amelala, hakuniuliza kitu. Nililisukuma mchana kweupe katikati ya Burumba, watu wamesimama milangoni, hakuna aliyenisalimu wala kunisaidia pale kwenye tope. Sasa liko uani kwangu. Nalikwangua wavu kila jioni kama ulivyonifundisha, ingawa hakuna wa kumchomea.

Na usiku ule ule Rehema alilala vizuri. Asubuhi kichwa hakikumuuma. Tangu siku hiyo ni mzima kabisa.

Umeona walivyohesabu? Jiko limetoka, ugonjwa umetoka. Basi aliyelitia ugonjwa ni yule aliyekuwa anakaa nalo akipepea, na ambaye amekuja mwenyewe kuchukua kitu chake. Wewe wamekutakasa, rafiki yangu, wamekusomea dua nzuri. Mimi, wateja wa hivi vitunguu ninavyouza sasa wanazunguka njia nyingine. Mwanangu Wandera alirudi kutoka shuleni shati limechanika na hakutaka kuniambia kwa nini. Jumapili jiwe lilianguka karibu na mlango wakati tunakula. Jana asubuhi nimekuta kiberiti kizingitini, njiti moja imewashwa na kuzimwa, nyingine zimeachwa. Nyumba yangu ni ya nyasi, unaijua.

Bi Mwanaisha alikuja mwenyewe, akaongea kwa upole kama anayenialika chai. Ijumaa wazee watakaa. Nije na Biblia yangu, niape kwamba jiko ni safi, sikulitia chochote, kisha Hamisi alichukue arudi nalo nyumbani, na maneno yaishe. Sitaguswa. Akaniambia, "Wewe mwanangu, sema tu, tupumzike wote."

Nimekaa na jambo hili mpaka kichwa kinauma, mimi ambaye sina jiko chumbani. Kuapa ni rahisi, na kiapo chenyewe kingekuwa cha kweli. Jina langu lingerudi, na Wandera angecheza na wenzake. Lakini mvua bado zinanyesha, Zuhura. Nikishaapa kuwa ni safi, jioni ile ile litakuwa limerudi kwenye kona yake kando ya kitanda, limefukiwa majivu, dirisha limesokomezwa magunia, na mtoto wako peke yake. Nilipowaambia ukweli hawakuniamini. Kitu pekee kinacholizuia lile jiko lisiingie kwake ni kwamba wananiogopa.

Leo nimemwona Rehema akitoka kisimani. Aliponiona alivuka upande wa pili wa njia na kujifunika tumbo kwa kanga, nisije nikalitazama. Iliniuma. Ningekudanganya nikisema haikuniuma. Lakini nilisimama nikamwangalia anavyotembea, mtungi kichwani, mgongo umenyooka, miguu inakanyaga tope bila kuyumba, na nikaona moyo wangu umefurahi kuliko ulivyoumia.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi, mjukuu wako akishazaliwa na kiangazi kikafungua madirisha, nitamweleza Rehema kila kitu, hata kama atanitemea mate. Mpaka hapo jiko litakaa nje, penye upepo. Na Ijumaa wakiniuliza mbele ya watu wote kama nimelitia kitu, nitainamisha kichwa na kunyamaza.

Wako,
Ajiambo