Samaki wa Karafuu

Dada Mwajuma,

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba ya mama, daftari juu ya goti, na mikono yangu inanuka karafuu. Nimeosha kwa sabuni ya unga. Nimesugua kwa ndimu. Nimesugua kwa majivu, Dada, kama sufuria! Bado. Harufu niliyokuwa naipenda kuliko marashi yoyote, siku hizi ikinipita puani nageuza uso.

Sasa nisikilize na usinikatize. Najua ungekuwepo ungeshasema, "We Kiherehere, anza mwanzo." Haya, naanza mwanzo.

Tangu tulipokuzika kwenu Chumbi, mabwawa ya Mchukwi anayaendesha shemeji, mumeo. Sikatai, mlichimba wote. Lakini si unamjua? Unakumbuka mwiba wa kambale ulivyomchoma kiganja, mkono ukavimba kama andazi, akaapa hatashika tena samaki anayerukaruka? Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye tope. Na mie nikacheka. Kumbe mwenzetu aliweka moyoni.

Matanga hayajapoa, kafungua kabati lako, katoa ile chupa ya mafuta ya karafuu. "Hii si ndiyo dawa ya kuwalaza?" Nikasema ndiyo. Na mdomo wangu ulivyo mwepesi, nikamwaga yote, nikimweleza mpaka mate yananitoka, maana tangu ufe hakuna mtu aliyeniuliza kitu cha samaki. Nilifurahi, Dada. Nilidhani anataka kujua.

Ulianza na jino lako, unakumbuka? Umeshika shavu, umeweka pamba ya karafuu, ghafla ukainuka: "Kama shavu langu halijui kitu, na samaki naye anaweza asijue!" Tukaanza kuchimba kwenye simu, mie msaidizi wako niliyeishia kidato cha pili nikitafuta neno mojamoja kwenye kamusi. Perege wa kwanza tuliyemjaribu kwenye beseni alikufa. Mdogo hivi, kama kidole, na ulimlilia. Ndipo tukajua kuwa mafuta hayo yanaelea. Lazima uyatikise kwanza kwenye chupa na maji ya vuguvugu mpaka yawe kama tui, halafu uyatie kidogokidogo, na usimwondolee samaki macho. Anaanza kuyumba kama mlevi. Analala ubavu. Mashavu, yale anayopumulia, yanapiga taratibu. Ulikuwa ukisema, "Yakipiga polepole, fanya kazi yako. Yakisimama, acha kila kitu, mrudishe maji safi."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunamkamua mayai Mama Kidevu, yule kambale jike mkubwa mwenye sharubu moja iliyokatika, bila kumuumiza wala yeye kutupiga mkia. Akiamka anapanda juu, anavuta hewa, anatutazama kama anauliza, mmenifanya nini nyie?

Na majirani je! Kwetu samaki akigeuza tumbo juu, watu wanajua jambo moja tu, kuna mtu katia utupa, ule mmea wanaoutwanga wale wanaoua mto. Wakaja na maneno yao. Hukugombana. Uliwaweka kwenye ukingo wa bwawa, wakasimama na kanga zao na fimbo zao mpaka samaki akaamka mbele ya macho yao. Halafu ukachana kanga yako nyekundu, ukafunga kitambaa kwenye mti wa bwawa la pembeni. Waliolalishwa wote wakae huko mpaka dawa iwatoke, ndipo wauzwe. Siku ngapi, hatukuwa na hakika. Kwenye simu huyu anaruhusu, yule anakataza kabisa kwa samaki wa kuliwa. Ukasema, "Basi sisi tutakaa upande wa waoga." Na ukanifundisha neno ambalo nilikuwa nalirudia kama aya, "Aliyelala haendi sokoni."

Sasa arobaini yako.

Shemeji alisema watu wa hitma watakula samaki wa mabwawa yako, iwe sadaka yako. Nilisema, hapo umenena! Asubuhi toyo ikaja, ile ya magurudumu matatu, na pipa nyuma. Kambale, Dada. Kambale! Mnyama anayeweza kutambaa kwenye umande toka bwawa hili hadi lile, eti naye analalishwa ili asafiri. Lakini shemeji aliogopa miiba. Akafungua chupa, akamimina moja kwa moja kwenye pipa. Mafuta yakaelea kama ya supu iliyopoa. Samaki wanaruka vilevile. Akamimina tena. Nikamwambia, "Shemeji, haijachanganyika, inaelea tu." Akanijibu, "Ndiyo maana naongeza."

Akaongeza, chupa ikaisha.

Na mimi nilikuwa nimeshika kifuniko. Hapa ndipo ninapotaka unisikie. Yeye ndiye mfiwa, kavaa kanzu mpya ya hitma yako, nikaona aibu kumbishia. Nikafunika. Nikakaza kwa mikono hii.

Ile njia mbovu ya kutokea Mchukwi ikafanya kazi yake. Pipa lilitikisika kama ile chupa yetu. Tulipofika Chumbi nikafungua, maji meupe kama tui, na juu yake matumbo. Matumbo matupu, Dada, yamejaa pipa. Hata juu kuvuta hewa walishindwa kupanda. Na katikati yao sharubu moja iliyokatika. Shemeji hakuangalia hata anamchota nani!

Nikaruka. Nikachukua karai, nikajaza maji safi, nikamshika Mama Kidevu nikimsukuma mbele, maji yaingie mdomoni, kama ulivyonionyesha. Halafu mwingine. Shemeji akaja nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Nawaamsha."

"Si wanakwenda chunguni? Waamke waende wapi?"

Wapishi wakaangua kicheko. Nikamwambia aliyelala haendi sokoni. Akasema, "Kwani hapa sokoni? Hapa msibani." Kicheko tena, kwenye arobaini yako.

Waliwakata hivyohivyo. Utelezi wao ulikuwa umeganda na yale mafuta, povu la njano limejaa ubaoni, kisu kinateleza. Mmoja shavu lake lilifunguka mara moja, kichwa kikiwa kimeshatoka. Mpishi akalifuta povu kwa kiganja akajipangusia kwenye doti lake, akaendelea.

Halafu wakala. Nilibeba sinia mimi mwenyewe, mara tatu. "Mashaallah, nani kapika? Karafuu imekolea!" Shangazi yako mkubwa alifyonza kichwa mpaka mfupa ukalia, akasema, "Ulimi umenifa ganzi kwa utamu." Akatoa ulimi wote nje kuwaonyesha wenzake. Ulimi wa njano, una magamba ya tui. Nikakimbilia nyuma ya jiko nikatapika. Shangazi naye kanifuata, kanitazama tumbo, kauliza, "Ya nani hiyo?" Nilicheka na kutapika kwa pamoja. Usijaribu.

Hakuna aliyeumwa, na hicho ndicho kilichotuponza. Angeumwa tumbo hata mtu mmoja, mchezo ungeishia pale. Badala yake mtu akamwambia mtu, na sokoni Kibiti wakaanza kuuliza, "Wale wa karafuu wapo?" Shemeji kaona kapata kipaji! Kanunua mafuta mengine, sasa kila siku ya soko anamimina, kambale, perege, chochote chenye mapezi, na wanauzwa palepale. Labda hayawadhuru walaji. Sijui. Na wewe hukujua, ndiyo maana ukafunga kitambaa. Yeye hajui na hataki kujua, na hilo linanitia kinyaa kuliko lile povu.

Lakini nani alikuwa anafunika pipa? Mimi. Wiki tatu. Nilikuwa nasonya huku nafunika.

Siku moja mama mjamzito, mimba imeshafika puani, akabonyeza perege kwa kidole. "Mdogo wangu, mbona wametulia hivi? Wazima?" Nikamjibu, "Wametulia tu, dada." Akanishukuru! Nikamfungia mwenyewe. Nilirudi nyumbani mama akaniwekea ugali, nikautazama, nikautazama mkono wangu, sikuweza kuupeleka mdomoni.

Soko la jana ndipo nilipoweka kifuniko chini. Nikasema kwa sauti, "Hawa wamelalishwa asubuhi hii kwa mafuta ya karafuu. Mimi ndiye niliyefunika pipa. Msinunue." Shemeji akacheka, akawaambia, "Msameheni, msiba umempanda kichwani." Wengine wakacheka naye. Mara mzee mmoja akasema, "Kumbe utupa!" Na hapo ndipo palipoharibika. Utupa! Neno likaruka kama moto kwenye nyasi. Watu wakatupa samaki chini. Nikapiga kelele kuwa si utupa, ni dawa nzuri, ina kipimo chake, ina siku zake. Nani anasikiliza? Na mwanamke mmoja, nilimsikia kwa masikio haya, akasema, "Basi marehemu naye alikuwa anatulisha sumu miaka yote."

Nimemzuia mumeo, Dada, na nimekuchafulia jina. Kwa mdomo huuhuu wa kiherehere. Ndiyo maana nakuandikia. Sikulala. Sijui kama nilikosea kusema au nilikosea kuchelewa. Nadhani kuchelewa. Ningesema Mchukwi, siku ya pipa la kwanza, tungekuwa wawili tu, mimi na shemeji, na jina lako lingekuwa salama. Nisamehe.

Kuna jambo moja sijakuambia. Mama Kidevu aliamka. Kwenye karai, pale Chumbi, wote wakiwa wanacheka, nilihisi shavu linagusa kidole changu. Mara moja. Kimya. Mara ya pili. Nikamfunika gunia bichi, nikamwambia dereva wa bodaboda ni mihogo. Njia nzima mihogo inampiga mgongoni, naye dereva akazidi kukaza mwendo, sijui aliogopa nini.

Yuko hapa, kwenye tangi la plastiki tulilolikata nusu, hatua mbili kutoka nilipokaa. Alikataa chakula siku nyingi. Sasa anakula, mkali vilevile, ananirushia maji.

Ijumaa wakitoka msikitini nitawaita wale majirani wa kanga na fimbo. Wachache tu, sihitaji soko zima. Nitatikisa chupa mbele yao mpaka iwe tui. Nitamlaza nikihesabu mashavu kwa sauti, na watasimama hapo mpaka aamke, hata kama ni mpaka alasiri. Halafu nitawaambia kwa nini hatauzwa. Wakiondoka wakisema bado ni utupa, nitawaita Ijumaa nyingine, na nyingine. Hilo nakuahidi. Na pipa la shemeji, sifuniki tena, hata anifukuze, na nadhani keshanifukuza.

Pumzika, Dada Mwajuma. Mola akupe nafasi pana na maji matulivu.

Kile kitambaa chekundu nilikifungua kule Mchukwi, nimekifunga hapa kwenye tangi. Kimepauka, lakini kinaonekana. Jirani kapita sasa hivi kachungulia, kauliza huyu mkubwa namuuza lini. Nimemwonyesha kitambaa.

Kiherehere wako,
Rehema