Kaka Kamtaja Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Kaka kaongea redioni. Kaka yangu mwenyewe, tumbo moja! Kasema timu nzima ya baiskeli walikuwa wakidungwa dawa za kusisimua misuli, na wa kwanza kumtaja ni mume wangu. Eti, "Shemeji nilimdunga kwa mkono wangu huu." Nilikuwa napiga pasi jezi. Nimeiunguza.

Mume wangu kacheka. Kasema ni wivu tu, Kaka ana donge tangu timu ilipomwachisha kazi ya uuguzi. Nimemwamini. Kwa nini nisimwamini? Miaka tisa ya ndoa!

Jumanne, 5 Machi

Waandishi wa habari wamejaa getini. Mmoja kakalia pipa letu la taka, anakula ndizi, maganda anatupa kwenye maua yangu. Mshenzi! Sabuni imeisha na siwezi hata kwenda dukani.

Mama kapiga simu. Analia, anafoka, analia tena. Anataka kujua nani mwongo, mwanawe au mkwewe. Nikamwambia asubiri. Kanikatia simu.

Jumatano, 6 Machi

Meneja wa timu kaingia kwa mlango wa nyuma. Ananiita shemeji — leo ndiyo kanikumbuka! Anataka niseme mbele ya kamera kwamba Kaka ni mwongo tangu utotoni. Wakisema wao, wataonekana wanajitetea. Akisema dada mtu, kwisha habari.

Nikaomba nifikirie. Mume wangu kanitazama tu. Bora angefoka. Nikisema, nimempoteza Kaka, na Mama juu yake. Nisiposema, nimemuuza mume. Nimebanwa huku na huku.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesema.

Walinikalisha kwenye kochi, wakanivisha jezi ya timu. Kaka yangu ni mwongo, nikasema. Meneja akataka mfano. Mfano! Nikatafuta kichwani, wapi. Kaka hajawahi kunidanganya hata siku moja. Nikatunga: utotoni aliiba sukari jikoni, akamsingizia dada wa kazi. Hakuna sukari iliyoibwa. Meneja akanipigia makofi.

Mume wangu kanikumbatia mbele yao. Nilisikia joto lake, nikajiambia nimefanya la maana.

Ijumaa, 8 Machi

Klipu imezagaa kila mahali. Mama hapokei simu yangu. Kaka kaandika ujumbe mmoja tu:

Sukari ipi, mdogo wangu?

Basi. Hakutukana. Angenitukana ningepata cha kumjibu. Najionea aibu, aibu kweli kweli.

Jumamosi, 9 Machi. Asubuhi

Kengele imelia. Si waandishi. Ni wapimaji wa dawa za michezoni, mwanamke na mwanamume, wamekuja kuchukua mkojo na damu. Hawa huja bila taarifa, ila saa ya kumkuta nyumbani mume wangu huwa kaiandikisha mwenyewe. Siku zote huwakimbilia mlangoni, anawatania, anataka wanywe chai.

Leo kaganda kwenye ngazi. Kanishika mkono, wake wa baridi. Kasema niwaambie hayupo, kalala kwao. Nikamuuliza kwa nini. Waambie tu! Nikamuuliza tena. Hapo ndipo akanikazia macho:

"Juzi ulisema mbele ya kamera, dunia nzima ikakuamini. Hawa wawili wanakushinda?"

Yesu na Maria! Nikakimbilia stoo.

Naandika haya nimejifungia stoo, nimekalia gunia la mkaa. Kaka alisema kweli. Alisema kweli, na mimi nimemwita mwongo kwa sukari ya kutunga! Nikiwafungulia, mume wangu kwisha. Nisipowafungulia, nimedanganya mara ya pili, safari hii nikijua.

Kengele tena. Mume wangu anagonga mlango wa stoo taratibu, ananiita mpenzi, hajaniita hivyo mwaka mzima. Na yule mwanamke anaita kutoka nje, kwa upole kabisa:

"Dada, tulikuona dirishani tulipofika. Tunaomba utufungulie."

Nimesimama. Mkono mmoja uko kwenye komeo la stoo, na mwingine unaandika haya ya mwisho: nawafungulia.