Njiwa Anayepinda Shingo Hachezi

Chumba cha juu, nyuma ya karakana ya baiskeli,
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na mkaza mjomba ameshazoea miwani yake mipya. Sisi wazima. Mama amepona mafua, na mimi nazidi kuwa mzuri wa sura, basi tu mko mbali hamnioni.

Naandika kwa karatasi kwa sababu Jumatano ulinitoa kwenye kundi lenu la simu la wafuga njiwa, kisha ukaifungia na namba yangu. Mpwa wako wa damu.

Ni kweli nilimwambia Mwalimu mstaafu akasahihishe vibao vya maduka. Nilikosa adabu, kidogo. Lakini nyinyi na ile sheria yenu: ujumbe wenye makosa haujibiwi mpaka Mwalimu autie alama nyekundu na mwenyewe auandike upya. Haya. Yule muuzaji alipotuma video ya njiwa wake weupe, mmoja alikuwa anapinda shingo mpaka kichwa kinatazama mgongoni. Mkashangilia kwamba anacheza. Wewe mwenyewe ulipiga makofi mara tatu.

Nikaandika palepale kwamba yule ni mgonjwa, mtu asimnunue. Niliandika mbiombio, kivijana, “xaxa” na “cjui” zikiwemo. Muda si muda ujumbe wangu ukarudi umejaa wekundu kama umechinjwa. Mwalimu akauliza, “Kijana, hii ni lugha au umeikalia simu?” Mkacheka siku nzima. Hakuna hata mmoja aliyeuliza njiwa ana nini.

Mjomba, shule niliiachia njiani, lakini njiwa nawajua kuliko kundi zima mkipangwa mstari. Mwaka jana nilizika kumi na mmoja. Walianza kunywa maji bila kukoma, kinyesi kikawa maji matupu, kisha shingo. Nilikuwa nimeleta mgeni mmoja tu, nikamchanganya na wenzake siku ileile.

Sasa jana mama ananiambia umenunua jozi mbili kwa muuzaji huyohuyo, zinafika Alhamisi, na umeshazitengea nafasi katikati ya banda, pamoja na wale aliotuachia babu. Hasira zilinipanda nikavunja spoki mbili za baiskeli ya mteja.

Usiwaingize. Kizimba chao kikae mbali, nyuma ya ukuta mwingine, mwezi mzima. Chombo chao cha maji kiwe chao peke yao. Walishe wa babu kwanza, hao mwisho, unawe mikono. Akipinda shingo hata mmoja, mwite daktari wa mifugo, usimwite Mwalimu.

Barua hii dada ameipitia herufi kwa herufi. Alitaka nifute hilo la Mwalimu, nikakataa. Kwa hiyo huna kisingizio cha kutoisoma.

Kunirudisha kundini sikuombi. Kaeni na kalamu yenu. Ila wasomee wenzako haya, maana hukununua peke yako.

Nisalimie mkaza mjomba, mapacha, na binamu kinyozi, mwambie ule mtindo alioninyoa bado unachekwa. Mungu awalinde nyote, na banda la babu pia.

Nimekununia, na nitaendelea kununa mpaka unipigie simu useme umewatenga. Itabidi uifungue namba yangu kwanza.

Mpwa wako, akupendaye hivyohivyo na hasira zake,

Fundi Spoki